Mgongo wa Pili

Jumanne tarehe 9 Februari 2094, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kiegemeo namba 17 kiliwekwa juu ya meza ya vipimo katika Ukumbi wa Kubebesha, Mbozi, na kioo cha meza kikaonyesha migongo miwili.

Tusajigwe Mwaikenda, mpimaji wa ukumbi, alifuta kioo kwa kitambaa na kusoma tena. Miwili. Alikitoa kiegemeo, akakizima, akahesabu hadi thelathini, akakirudisha. Kioo kilitoa jibu lile lile: mwenye kiti, na chini yake, kwa herufi ndogo, mwenza.

"Mbona umeganda, fundi?" Gwamaka wa meza ya kumi na sita alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kiegemeo chake begani. "Kiti kina mimba?"

"Kina hitilafu. Weka chako."

"Changu hakina siri. Ukikifungua kitakwambia kimenichoka tu." Alinyoosha shingo akaona namba. "Hee. Hicho si cha mzee wako?"

"Weka chako, Gwamaka."

Kilikuwa cha Ambilike, mume wake.

Ukumbi ulikuwa na wabebeshaji sitini na wanne. Kila mmoja alifika asubuhi na kiegemeo chake kimekunjwa kama mwavuli, kilo mbili na robo, kikining'inia kwa mkanda mmoja. Mezani alikifungua: mguu mmoja, tandiko jembamba, na uti wa pingili ishirini na nne za chuma chepesi zilizovishwa mpira. Juu yake mtu hakai wala hasimami. Anaegemea, nyayo chini, robo tatu ya uzito ikiwa kwenye tandiko, na anapumua bila mikono kutikisika. Mikono isiyotikisika ndiyo iliyotakiwa. Tangu joto lilipopanda hadi kwenye miinuko na kuua mibuni ya zamani, kila mche uliopandwa wilayani uliunganishwa kwa kisu: kikonyo cha kahawa tamu kilibebeshwa kwenye shina la kahawa ya porini inayostahimili joto, kwa mkato wa milimita nne, chini ya lenzi. Mashine zilijaribiwa kwa miaka sita. Zilikata vizuri na kuunganisha vibaya.

Kiegemeo kilijua kazi moja, kujifunza. Kwa siku arobaini kilisoma mgongo wa mwenyewe, kisha kikaushikilia pale ulipofanya kazi vizuri zaidi. Mgeni akiegemea, pingili zilimkataa, na baada ya dakika tano aliinuka akishika kiuno. Lakini mgongo huo huo wa kigeni ukirudi mara arobaini, kiegemeo kiliacha kubishana. Kiliuandika kuwa mwenza na kuanza kutafuta wastani wa migongo miwili. Waliokibuni waliwafikiria wanandoa wenye kiti kimoja. Ukumbini, sehemu hiyo ya kumbukumbu iliitwa mke mwenza, na ilikuwa ya kuchekwa, kwa sababu haikuwahi kutokea.

Mwenza wa namba 17 alikuwa ameegemea mara sitini na moja, mara zote kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri.

Tusajigwe alipima viti vilivyobaki bila kuruka hata kimoja. Saa nne foleni ilipokwisha, aliuchukua mchoro wa mgongo wa pili na kuulinganisha na migongo yote sitini na minne iliyokuwa kwenye daftari lake. Haukulingana na wowote. Ulipinda kushoto nyuzi kumi na tano kwenye pingili ya tisa, na kanuni ilikuwa wazi: mgongo uliopinda zaidi ya nyuzi kumi haugusi kisu. Mwenye mgongo huo angepelekwa kuosha mizizi.

Ndipo alipousoma mgongo wa kwanza. Novemba, mume wake alikuwa amepinda kwa nyuzi sifuri nukta mbili, sawa na mtu yeyote mzima. Sasa alikuwa na nyuzi tatu nukta moja. Kushoto, kwenye pingili ya tisa.

Aliitazama tarakimu hiyo kwa muda mrefu kuliko uliohitajika kuisoma. Juni ya mwaka juzi, baada ya kupasuliwa kiuno, alikuwa amemwomba Ambilike amruhusu awe mwenza kwenye kiti chake, wiki sita tu. Ambilike alijibu kwamba kiti cha kazi ni cha kazi, kitaharibika. Jibu hilo lilikuwa sahihi kitaalamu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

*

Saa nane na dakika nane alasiri, Tusajigwe alisimama nyuma ya kioo cha stoo ya lenzi. Kutoka pale meza ya kumi na saba ilionekana yote.

Ambilike alifunika kisu, akavaa kofia na kwenda nje kwenye vitalu, ambako zamu ya alasiri ilimtaka aizoeshe jua miche iliyokwisha kushika. Hakukikunja kiegemeo. Dakika mbili baadaye mtu wa meza ya kumi na nane alinyoosha mguu na kukivuta kwake, bila kugeuka, kama mtu anayevuta kiatu chake chini ya kitanda.

Alikuwa Sekela Mwasomola. Walikua wote barabara moja Rungwe. Sekela alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja, na Tusajigwe ndiye aliyepeleka jina lake ukumbini. Kiti cha Sekela mwenyewe kilikuwa chini ya meza, kimekunjwa. Kila msimu kilionyesha saa chache mno za kuegemewa, na kila msimu Sekela alitoa sababu ile ile: napenda kusimama, dada, nimezoea shamba.

Sekela aliegemea. Alifumba macho kwa sekunde mbili. Kisha akachukua kisu.

"Kiti cha watu hicho," Gwamaka alimwambia akipita na trei ya vikonyo.

"Nimekaribishwa."

"Ukikaribishwa chai unahamia na jikoni?"

"Nikipata wifi mwenye mdomo kama wako, nahama kabisa," Sekela alisema, na meza tatu zikacheka.

Nyuma ya kioo, Tusajigwe aliandika saa.

Saa kumi na moja na robo ukumbi ulikuwa mtupu. Alikwenda meza ya kumi na saba na kuegemea kiti cha mume wake. Alifanya hivyo kwa ajili ya uthibitisho, ndivyo alivyojiambia. Chini, kwenye nyonga, pingili zilimpokea. Juu kidogo zilianza kutafuta, mara huku mara kule, zikiuliza kama yeye ni yule au ni huyu. Hakuwa yeyote. Pingili ya tisa ilimsukuma ubavuni kwa nguvu ya kilo moja na nusu, kama kiwiko cha mtu anayedai nafasi yake kitandani. Alivumilia dakika nne na sekunde ishirini.

*

Jioni hiyo Ambilike alikuwa jikoni akimenya ndizi. Yeye alimenya, mke wake alikata. Ndivyo walivyogawana kwa miaka minane.

"Kiti chako kina mwenza," Tusajigwe alisema.

"Najua."

"Ni Sekela."

"Hilo nalo najua, Tusa."

"Ulimwandikisha?"

"Nani aandikishwe? Alikuja kuazima lenzi. Mimi ndio nilikuwa nainuka kwenda vitaluni. Nikamwambia karibu kiti."

"Karibu kiti."

"Ulitaka nimwambieje? Mtu amefika mezani kwako, ameshika kiuno, kiti kiko wazi. Mama yako angesikia nimekaa kimya, angenirudishia ng'ombe zangu."

"Mara moja ni adabu. Mara sitini na moja ni nini?"

Ambilike aliweka ganda kando. "Kesho yake alikuja kushukuru. Alisema kilimuuma dakika tano kisha kikachoka kumuuma. Alisema, shemeji, leo nimekata bila kuhesabu dakika. Sasa ningefanya nini, nikunje kiti nikiweke kwapani?"

"Mgongo wake umepinda nyuzi kumi na tano."

"Nimeusikia."

"Umeusikia?"

"Asubuhi nikiegemea. Kuna mahali pananisukuma kidogo. Siku za mwanzo paliuma, sasa hapaumi."

Tusajigwe aliendelea kukata. Vipande vilikuwa sawa, sentimita mbili kila kimoja. "Wa kwako umepinda tatu. Unajua? Kiti kinatafuta katikati. Kila siku anayoegemea yeye, wewe unasogezwa kwake. Msimu ujao utakuwa na sita."

"Tatu si nyingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia wewe," Ambilike alisema, "au ningemwambia mpimaji?"

Sufuria ilianza kutoa mvuke. Tusajigwe alipunguza moto.

"Mimi uliniambia kiti cha kazi ni cha kazi."

"Lini?"

"Tarehe kumi na nne Juni, mwaka juzi."

Ambilike alijaribu kukumbuka. Juhudi ilionekana usoni, na ilionekana pia kwamba haikufika popote. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo."

Kulikuwa na swali moja lililobaki. Halikuulizwa jioni hiyo, na kwa hiyo halikujibiwa.

*

Jumatano saa mbili asubuhi Sekela aliitwa kwenye meza ya vipimo peke yake. Aliingia na kukiona kiti namba 17 kimefunguliwa, na tabasamu alilokuja nalo likamwishia mlangoni.

"Ugonile, dada," Sekela alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama walivyozoea tangu utotoni.

"Ee, ndaga. Egemea hapo. Usijinyooshe."

Sekela aliegemea. Kioo kilihitaji sekunde tisa. Nyuzi kumi na tano nukta nne, kushoto.

"Misimu mingapi umenidanganya?"

"Yote sita."

"Vipi?"

"Siku ya kipimo nameza vidonge viwili vya maumivu, najinyoosha. Dakika kumi na mbili naweza. Wewe kipimo chako ni dakika kumi." Alishuka akasimama, bega moja juu kidogo kuliko jingine, jambo ambalo Tusajigwe alikuwa ameliona tangu wakiwa watoto na kuliita mwendo wa Sekela. "Kiti changu chenyewe nilikifundisha uongo ule ule siku arobaini za mwanzo, dakika chache kila siku. Nikiegemea nilivyo, kinanisukuma. Kwa hiyo nilisimama. Miaka mitatu nimesimama, dada, saa tisa kwa siku."

"Ungeniambia."

"Nikwambie wewe? Wewe husogezi nukta." Hakusema kwa ubaya. "Usiangalie mgongo. Angalia miche yangu."

Tusajigwe alikuwa ameiangalia tayari, saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufika. Wastani wa ukumbi ulikuwa miche themanini na minne iliyoshika kati ya mia moja. Sekela alipokuwa akisimama alifikisha themanini na mitatu. Tangu Novemba, alipoanza kuegemea kiti cha Ambilike, alikuwa na tisini na saba. Hakuna mkono uliowahi kufika hapo. Kanuni ya nyuzi kumi iliandikwa kwa kudhani kwamba mgongo uliopinda hukata vibaya. Tarakimu hizi zilisema kitu kingine: kwamba mgongo uliopinda hukata vibaya usiposhikiliwa.

"Mnaongea nini, wewe na Ambilike?"

Sekela alimtazama, na akaelewa hapo hapo wako kwenye kipimo gani. Alicheka kwa pumzi. "Dada jamani. Saa ngapi? Yeye anatoka, mimi naingia. Hata chai sijanywa naye."

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza tu. Haya, nikwambie ukweli? Sijui hata anapenda chumvi kiasi gani. Najua mgongo wake, basi. Ni mgongo wa mtu mpole. Ukiuegemea, unakupisha."

Tusajigwe alizima kioo. Alikuwa ameolewa miaka minane, na hakuwa na taarifa hiyo.

"Nikienda kuosha mizizi," Sekela alisema, "mikono yangu itakuwa kwenye maji baridi tangu asubuhi. Kwa mwaka mmoja itakuwa imekwisha. Hata wakinirudishia kisu, sitakuwa na cha kukishikia. Nakuomba. Si kwa ajili ya udada. Soma miche, halafu uandike unachokiona."

*

Alhamisi tarehe 11 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Tusajigwe alifungua fomu ya taarifa ya mgongo.

Alikuwa na njia tatu, na alizijua zote. Angeweza kukaa kimya, na kuvunja kiapo cha upimaji. Angeweza kupeleka pembe pamoja na miche, na kuuacha uongozi uamue kama kanuni ya miaka thelathini ilikuwa na kosa. Viti vya wenza vingeweza hata kuwa utaratibu. Au angeweza kujaza fomu kama ilivyo.

Fomu iliuliza jina, namba ya meza, pembe na upande. Iliuliza kama mgongo wa mtu mwingine umeathirika. Aliandika ndiyo, nyuzi tatu nukta moja. Mwisho kulikuwa na nafasi ya maelezo mengine, na pembeni yake maneno: si lazima.

Hakuandika kitu hapo. Kila alichokiandika kilikuwa kweli. Saa nne na dakika ishirini na sita aliituma.

Kabla ya saa sita Bi. Nzunda, mkuu wa ukumbi, alikuja mwenyewe hadi kwenye meza ya vipimo, miwani juu ya paji la uso.

"Tusa, mwanangu. Huyu ndiye mkono wetu."

"Nyuzi kumi na tano nukta nne, mama."

"Nimesoma. Nakuuliza kama kuna jambo jingine la kusoma."

"Fomu imejaa."

Bi. Nzunda alishusha miwani, akamtazama kupitia vioo, akapandisha tena. "Haya," alisema. "Fomu ni fomu."

Jumatatu ya tarehe 15 Sekela alikabidhi kisu ndani ya ala yake na kuhamia kwenye mabeseni, ng'ambo ya ukuta. Siku hiyo hiyo Tusajigwe alikiweka kiegemeo namba 17 mezani, akabonyeza pini kwa sekunde tisa na kuufuta mgongo wa pili. Kioo kilibakiza mmoja. Kwenye sehemu yake iliyokuwa nyeusi uso wake ulionekana, na ulikuwa unatabasamu.

*

Wiki sita zilizofuata zilikuwa na matukio machache. Meza ya kumi na nane alipewa kijana kutoka Vwawa, mwenye mgongo ulionyooka kama rula. Miche yake ilishika sabini na tisa kwa mia. Gwamaka alisema kijana huyo anakata kikonyo kama anakata kitunguu, na siku hiyo hakuna meza iliyocheka.

Nyumbani Ambilike alimenya ndizi. Hakununa na hakugomba. Alijibu kila alichoulizwa, kwa ukamilifu, kisha akachukua ndizi nyingine. Tusajigwe, ambaye siku zote alikuwa ametaka majibu ya namna hiyo kutoka kwa watu, aligundua kwamba alianza kuuliza mambo ambayo tayari aliyajua.

Alikutana na Sekela mara moja, kwenye bomba la uani. Mikono ya Sekela ilikuwa imevimba hadi kwenye vifundo, na ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe. Tusajigwe alisubiri ugonile.

"Shikamoo, mpimaji," Sekela alisema, na akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomwamkia mama wa mtu.

Salamu hiyo ina jibu moja tu. "Marahaba," Tusajigwe alisema.

*

Jumatatu tarehe 29 Machi, saa mbili na dakika tano asubuhi, kilifika kipimo cha marudio. Mgongo uliosogezwa na kiti, ukiachwa, hurudi. Tusajigwe alikuwa amekadiria kwamba mgongo wa Ambilike ungekuwa chini ya nyuzi moja ifikapo siku ya thelathini. Hii ilikuwa siku ya arobaini na mbili.

Kiegemeo kilikuwa na mgongo mmoja. Mgongo huo ulikuwa na nyuzi tatu nukta nne.

Alikizima, akakiwasha. Alimwambia Ambilike avue shati, na akampima kwa mkono, kwa njia waliyofundishwa chuoni kabla ya kuaminiwa na vyombo: kipimapembe cha chuma, pingili moja baada ya nyingine, kuanzia shingoni. Ngozi ilisisimka kwa ubaridi wa chuma. Kwenye pingili ya tisa kipimapembe kiliinama kushoto.

"Ngapi?" Ambilike aliuliza, akitazama ukuta.

"Tatu nukta nne."

"Imepanda."

"Imepanda."

"Basi si kiti." Alivaa shati, akaanza na kifungo cha chini. "Nikiegemea sasa, hakuna kitu pale. Pako wazi. Nadhani napatafuta."

"Misuli inaweza kuwa imezoea. Au mguu wa kushoto unabeba zaidi. Nitakupima miguu."

"Nipime." Alifunga kifungo cha mwisho. "Tusa. Kwenye ile taarifa, miche yake uliiandika?"

"Fomu haikuuliza."

"Nami sikuiuliza fomu."

Alikikunja kiegemeo, akakitia begani na kwenda mezani kwake. Kwa mara ya kwanza Tusajigwe aliuona mwendo wake kutoka nyuma jinsi ulivyokuwa: bega moja juu kidogo kuliko jingine.

Alikaa dakika kumi na moja bila kumwita mtu wa pili kwenye foleni. Kisha aliwaambia wasubiri, akafunga mlango na kufungua fomu ya masahihisho.

Fomu hiyo hakuwahi kuitumia. Ilitaka namba ya taarifa inayosahihishwa, na aliiweka. Ilitaka data zilizoachwa. Aliambatanisha miche yote ya Sekela tangu Novemba, tisini na saba kwa mia, na miche ya kabla yake, na ya kijana wa Vwawa. Aliambatanisha rekodi ya mara sitini na moja za kuegemea. Aliandika kwamba mwenye kiti namba 17 ni mume wa mpimaji. Aliandika kwamba kanuni ya nyuzi kumi haikupata uthibitisho kwenye data hizi, na kwamba aliyekuwa mbebeshaji wa meza ya kumi na nane arudishiwe kisu kabla mikono yake haijaharibika, kwa kiti chenye mwenza au kitakachofundishwa mgongo wake halisi.

Kisha fomu iliuliza chanzo cha kosa, na ikatoa majibu matatu: chombo, mbebeshaji, mpimaji. Mpimaji akijichagua mwenyewe, hukabidhi muhuri wake hadi atakapohojiwa, na wapimaji watatu waliowahi kujichagua hawakurudishiwa. Alichagua la tatu.

Chini ya hapo palifunguka mstari mfupi: eleza chanzo kwa neno moja au mawili.

Aliandika: wivu.

Alilisoma kama anavyosoma kipimo cha mtu mwingine. Mwenye wivu analinda kilicho chake kisichukuliwe. Sekela hakuwa amechukua kitu. Alikaribishwa kiti, akaegemea, akakata. Na asubuhi ile ya tarehe 11 Februari, kidole kilipokuwa juu ya kitufe, Tusajigwe hakuwa akimfikiria Ambilike. Alikuwa akiiona meza ya kumi na nane haina Sekela, kisu kikiwa ndani ya ala, na picha hiyo ilimtuliza. Neno la jambo hilo lilikuwa jingine.

Alifuta herufi nne na kuandika sita: husuda.

Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi kioo kilionyesha kwamba taarifa imepokelewa. Saa tatu na dakika kumi na tisa Bi. Nzunda aliingia, akanyoosha mkono, na Tusajigwe akamkabidhi muhuri.